Bei ya Winga wa Katumba

Kibanda umiza cha Martin pale Kasekese kilikuwa kimejaa kabla hata mechi haijaanza. Waliochelewa mabenchi walikalia madumu, na wengine walisimama mlangoni wakiziba upepo. Kwenye runinga mtangazaji alikuwa akieleza habari za usajili huko Ulaya. Kuna winga, kijana ambaye hata ndevu zake hazijakomaa, amenunuliwa kwa fedha nyingi mno. Ukizibadili kuwa shilingi, ulimi unachoka kabla hujamaliza kuzitamka.

"Mabilioni!" Martin alipiga kelele, mikono kichwani. "Hiyo hela unatia lami kutoka hapa mpaka Mpanda, na chenji inabaki!"

"Kwani huyo ana miguu mitatu?" mtu akauliza.

Ubishi ukawaka. Katikati ya ubishi huo kijana mmoja akamgeukia Celestin, aliyekuwa amekaa ukutani amenyoosha mguu wake wa kulia, ule usiokunjika vizuri.

"Mzee Celestin, eti na wewe ulikuwa winga, tena ulinunuliwa. Dau lako lilikuwa ngapi?"

"Dume moja la ng'ombe," Celestin akajibu.

Kibanda kizima kikaangua kicheko. "Dume zima, au na lenyewe lilikuwa na mguu mbovu?" Kicheko kikaongezeka. Celestin naye alicheka, maana vijana wale aliwapenda na wengine alikuwa amewaona wakizaliwa. Lakini kicheko kile kilimwingia na mwiba ndani yake. Mpira ulipoanza alitazama kidogo tu, kisha akaaga akisema mgongo unamuuma.

Njiani hakuwaza habari za mgongo. Aliwaza Katumba.

Huko ndiko alikozaliwa, katika makazi ya wakimbizi, wazazi wake walikofikia baada ya kukimbia Burundi. Siku zile mtu wa Katumba hakutoka hovyo. Ukitaka kwenda hata Mpanda mjini, lazima upate kibali. Ila timu ya mpira ilipewa kibali bila maneno mengi, na kwa Celestin mpira ulikuwa ndio mlango wa kuuona ulimwengu. Alikuwa mwembamba, mwepesi, na akikupiga chenga ukingoni mwa uwanja unabaki umeshika hewa.

Walipokuja kucheza Kasekese, pembeni ya uwanja alisimama mtu mrefu mwenye kofia pana na fimbo. Huyo alikuwa Malale, Msukuma aliyehamia na mifugo yake kutoka kaskazini. Kiswahili chake kilikuwa cha kuungaunga, lakini kichaa chake cha mpira hakikuhitaji lugha. Kila Celestin alipogusa mpira, Malale alikimbia naye huku akipunga fimbo, mpaka akamkanyaga mwamuzi wa pembeni. Mechi ilipokwisha aliwafuata viongozi wa Katumba.

"Huyu namtaka," alisema. "Semeni."

Viongozi walidhani ni utani. Mmoja, kwa kumcheka tu, akataja dume la ng'ombe. Malale akashika njia ya kwake. Haukupita muda mrefu dume likafika Katumba, likiswagwa na wachungaji wake, na mambo ya kibali yakapata watu wa kuyahangaikia. Celestin akahamia Kasekese, nyumbani kwa Malale, akapewa chumba na kitanda. Nyanzala, mke wa Malale, alimtazama kuanzia utosini hadi miguuni, akamwambia mumewe kwa Kisukuma maneno ambayo Celestin alikuja kuyaelewa baadaye: "Dume letu lilikuwa na nyama zaidi."

Huko Katumba wachezaji na viongozi walilichinja lile dume wakagawana. Kipande cha ini kikapelekwa kwa mama yake Celestin, Athanasie, kama heshima. Athanasie alikitazama kwenye jani la mgomba, akakisukuma mbali.

"Nitamlaje mwanangu?" akasema. Siku hiyo hakupika kitu chochote.

Maneno hayo yalipanda lori la mahindi, yakashuka Mpanda, yakapanda lori jingine, hadi yakamfikia Malale. Hakumwambia Celestin. Alichagua mtamba mmoja mweusi zizini, akachukua fimbo yake, akaanza safari kwa miguu. Watoto wake walikuwepo, wachungaji walikuwepo, lakini alimswaga yeye mwenyewe, akilala vijijini njiani, mpaka kwenye mlango wa Athanasie.

Dada yake Celestin ndiye aliyeyasikia mazungumzo yao, na alipenda kuyasimulia kila walipokutana, maana yalikuwa mafupi mno kwa safari ndefu namna ile.

"Wameniambia hukula," Malale alisema.

"Sikula."

"Basi huyu usimle. Mkamue."

Akanywa maji, akapumzika, akarudi alikotoka. Mtamba yule alizaa, na maziwa yake ndiyo yaliyowakuza wadogo zake Celestin.

Msimu ule wa kwanza ulikuwa kama ndoto. Kasekese ilikuwa timu ya wakulima wanaokimbia kama wanafukuza tumbili shambani, lakini ikiwa na Celestin kwenye winga iliwafunga wakubwa. Mechi ya mwisho ilikuwa Karema, ufukweni mwa ziwa, na nusu ya watu wa mitumbwi waliacha nyavu zao kuja kuitazama. Zikiwa zimebaki dakika chache, Celestin alipiga kona. Mpira ulipaa, ukapinda hewani, ukampita kipa wa Karema, Maximilian, ukatua wavuni bila kuguswa na mtu. Malale aliitupa kofia yake na hakuiona tena. Kurudi walipanda nyuma ya lori, wakaimba njia nzima mpaka sauti zikakauka, na Malale aliimba Kisukuma juu ya nyimbo zao zote.

Msimu wa pili walikwenda Kapalamsenga. Uwanja wa pale ulikuwa shamba lililosafishwa kwa haraka, visiki vingine bado vimo. Celestin alimruka beki, akatua vibaya, na watu waliokaa mbali walisikia mfupa wa ugoko ukilia kama kuni kavu.

Alilala hospitali Mpanda mpaka akayazoea mabati ya dari. Nyanzala, yule aliyelililia dume lake, ndiye aliyemuuguza. Mguu uliunga, lakini uliunga upande. Daktari alimwambia ukweli: utatembea, hutakimbia.

Kamati ya timu ilikwenda kwa Malale. Walisema arudishwe kwao Katumba, na timu idai dume lake, au japo fidia kidogo.

"Dume limeshaliwa," Malale aliwaambia. "Mtakwenda kudai mavi? Na huyu anakula kwangu. Ondokeni."

Walioondoka ni wao. Celestin alibaki. Malale alimpa eneo la kulima mpunga bondeni, na Celestin alipotaka kumwoa Annonciata wa Katumba, ni Malale aliyekwenda kusema maneno kwa wakwe.

Yote hayo Celestin aliyajua. Lakini kuna jambo moja ambalo tangu miaka ile hakuwahi kuthubutu kuliuliza, na kicheko cha kibandani kilikuwa kimelichokonoa. Asubuhi alikwenda. Malale sasa alikuwa mkongwe, macho yamejaa ukungu, amekaa kando ya zizi na redio ndogo mapajani.

"Mwangaluka, baba," Celestin akamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, ng'wanone," mzee akaitikia, yaani mwanangu. "Mguu wako unaburuta leo. Mvua iko karibu."

Celestin alikaa chini. Walizungumza habari za mpunga na habari za ndege waharibifu. Kisha akasema, "Baba, ulipata hasara kwangu?"

Mzee alizima redio.

"Kubwa," akasema. "Lile dume lilikuwa jekundu, lina baka jeupe usoni. Hukuliona wewe likiwa hapa zizini. Ningelibakiza, nusu ya zizi hili wangekuwa wajukuu zake. Nyanzala alininunia mpaka mavuno." Alitikisa kichwa kwa majonzi ya kweli. "Na wewe ulicheza kidogo tu, ukavunjika. Hasara ile hata mlevi anaiona."

Celestin aliinamisha uso. Alikuwa ameuliza, na amejibiwa.

"Lakini lile goli la Karema," Malale akaendelea, na sauti yake ikabadilika, "ulikusudia. Watu wanasema upepo. Mimi nasema ulikusudia."

"Ulikuwa upepo, baba. Nilipiga krosi."

"Ulikusudia!"

"Ule upepo wa ziwa ndio ulioupinda."

"Siku ile mimi nilikuwa na macho! Nilikuona ulivyotazama goli. Ulitazama mara mbili!" Mzee alikuwa ameinua fimbo, na uso wake uling'aa kama wa mtu aliyesimama tena kwenye jua la ufukweni. Walibishana hivyo mpaka Nyanzala akawatolea uji, na walipomaliza uji wakaendelea kubishana. Celestin alipoondoka alikuwa anacheka peke yake njiani. Hakuweza kueleza ni kitu gani kimemponya. Pengine ni kwa sababu mzee hakumdanganya kuhusu dume, kwa hiyo na hili lingine alilisema kwa kuamini kabisa.

Malale alifariki katikati ya masika, barabara zikiwa tope tupu. Hata hivyo watu walikuja. Athanasie, uzee umempinda mgongo, aliletwa kutoka Katumba kwa bodaboda, amefungwa khanga asianguke. Alikwenda moja kwa moja alikokaa Nyanzala, akakaa naye kwenye mkeka, na wale wanawake wawili wakashikana mikono wakalia, mmoja kwa Kirundi, mwingine kwa Kisukuma. Maximilian naye alikuja kutoka Karema, sasa ana kitambi na kipara. Maduhu, mtoto mkubwa wa marehemu, alipowapanga ndugu zake wapokee rambirambi, alimkuta Celestin amesimama nyuma na majirani.

"Kaka, unafanya nini huko?" alisema. "Njoo ukae hapa. Wewe ni wa pili."

Celestin akaenda akasimama, na watu wakampa mkono kama walivyowapa watoto wengine.

Matanga yalipoanuliwa, wageni waliotoka mbali walikuwa bado wapo, na mvua ilikuwa imepumzika. Hakuna anayekumbuka nani alianza, ila Maximilian alionekana anakunja suruali, na Martin akaleta mpira. Wazee wale wakaingia uwanjani, wa Katumba, wa Kasekese na wa Karema, wakachanganyika. Maduhu akawa mwamuzi. Walicheza peku, wakateleza kwenye tope, wakadai penalti ambazo hazikuwepo. Vijana wa kibandani walisimama pembeni wakicheka mpaka wakashikana mbavu. Celestin aliwekwa golini kwa sababu ya mguu. Hapo hakukaa. Kila mara alitoka, akachechemea mpaka ukingoni, kule alikozoea zamani, akainua mkono kuomba mpira.

Jioni Annonciata alimkanda mguu ule kwa maji ya moto. Alimgombeza kwa ujinga wa kucheza mpira na uzee wote ule. Celestin alimwachia agombeze mpaka achoke, kisha akaanza kumsimulia mchezo toka mwanzo, nani alimpa nani pasi, nani aliteleza wapi, kana kwamba Annonciata hakuwa amesimama pale pembeni muda wote, akipiga vigelegele.