Binamu

Shuka za wodi ya wazazi zililetwa zikiwa bado na joto la watu. Pasi alizikunjua moja moja, akapapasa kama kuna sindano iliyosahaulika ndani, kisha akazitupa kwenye maji ya dawa. Mashine ya kufulia ilikufa tangu mvua zilipoanza. Hospitali ilikuwa inamsubiri fundi, fundi alikuwa anasubiri kipuri, na wakati huo wote wanawake wanne walikuwa wanafua kwa miguu, wakikanyaga shuka kwenye masinki ya saruji. Glavu zilikuwa jozi mbili tu. Walipokezana.

Pasi ni jina alilopewa shuleni, kwa sababu yeye na mtihani ilikuwa ni kupasi tu. Wenzake wa hapa walidhani anaitwa hivyo kwa ajili ya pasi ya chuma anayoishika kila mchana. Hakuwasahihisha.

"Msomi wetu," msimamizi alisema kutoka mlangoni. Hakuingia, kwa ajili ya viatu vyake. "Nasikia kesho huji."

"Niliomba ruhusa, bosi. Nina miadi ubalozini."

"Uliomba. Nani kakupa?" Akawatazama wengine kwanza, apate wa kumcheka naye. "Haya, nenda. Ila ukirudi umenuna, ujue nafasi yako ina watu wanaitaka. Wenye miguu yenye nguvu kuliko yako hiyo."

Wanawake walicheka kwa kuwa msimamizi amecheka.

Chuo kimoja cha nje kilikuwa kimemkubali Pasi akasomee kazi ya maabara, bila kumtoza ada, na kilimwambia wazi kwamba nafasi haitamngoja muhula mwingine. Kilichobaki ni viza. Na nchi yenyewe ndiyo hiyo hiyo aliyoko Pipi.

Pipi ni mtoto wa mama mdogo. Mama mdogo alifariki mtoto akiwa hajaota hata jino, na mama yake Pasi, ambaye alikuwa hajamwachisha wake ziwa, akawapakata wote wawili, huyu huku, huyu kule. Walilala kitanda kimoja mpaka wakawa wanawali. Mtaani hawakuitwa kitu kingine isipokuwa wale dada wawili. Pipi alipenda pipi na alipenda kunakili hesabu za mwenzake. Ulipofika wakati wa mmoja kwenda kusoma nje, kiwanja alichokiacha baba yake Pasi kikauzwa, na mama akasema, "Mwenzio ni yatima. Atangulie yeye. Wewe unaye mama."

Pasi alijibu, "Sawa." Sawa hiyo haijamshuka kooni mpaka leo.

Siku hizi Pipi anafanya kazi maabara. Picha zake huingia kwenye simu ya mama: Pipi na koti jeupe, Pipi na meno yaliyonyooshwa, Pipi anakula kitu amesimama, kama watu wenye haraka na maisha mazuri. Mama huzitembeza kwa majirani. Na Pipi akipiga simu, mama hucheka kicheko fulani cha kitoto, chembamba, kinachomtoa machozi. Pasi ndiye anayemkanda mama miguu kila jioni. Kicheko hicho hajawahi kukipata.

Fomu za viza zilikuwa zimejazwa na wakala, kwenye kibanda chake cha kutoa fotokopi.

"Una ndugu kule, dada?"

"Ndugu wa namna gani?"

"Ndugu si ndugu? Kaka, dada. Tumbo moja."

"Yupo mtoto wa mama mdogo."

"Aa, huyo binamu. Binamu hahesabiwi." Wakala hakuinua macho kutoka kwenye kompyuta. "Halafu ukimtaja, watasema unamfuata, hutarudi. Nina mteja wangu alijifanya mkweli akamtaja mjomba. Walimla mzimamzima."

"Binamu," Pasi alisema.

Hakuwahi kulitumia neno hilo kwa Pipi. Angelitamka nyumbani utotoni, angezabwa kofi. Lakini siku ile lilimkaa vizuri mdomoni, na alilirudia bila kuulizwa. "Ni binamu tu."

"Basi hapana," wakala akasema, akabonyeza.

Jioni, kabla ya siku ya miadi, mama alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. "Mwenzio umemtaja huko kwenye makaratasi yako?"

"Wameuliza wa tumbo moja, mama."

"Tumbo! Ninyi mmenyonya ziwa moja."

"Ziwa halina kisanduku cha kuweka alama."

Mama aliuacha ungo. "Ungemtaja tu, hata kama hawakuuliza."

"Mtaa mzima anatajwa yeye. Na huko nako nikamtaje yeye?"

Mama alirudi kwenye mchele, akawa anatupa mawe pamoja na punje nzima nzima.

Asubuhi Pasi aliitwa kwenye dirisha la tatu. Nyuma ya kioo alikaa ofisa, mwanamke wa kule, na pembeni yake karani wa hapa hapa, kijana wa tai, wa kutafsiri. Pasi alimsalimia. Karani aliangalia saa.

Walimuuliza kuhusu chuo, akajibu. Walimuuliza maabara anaitakia nini, akajibu vizuri mpaka ofisa akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Kisha ofisa akasoma kitu kwenye kompyuta, akakisoma tena, akamwambia karani.

"Hapa umesema huna mtu wa familia kule," karani alisema kwenye kipaza sauti. Sauti ilitoka nene, foleni nzima ikasikia.

"Ndiyo."

"Yupo mwanamke kule. Miaka ile alipoomba viza, alimwandika mama yako kuwa mama yake. Kwenye nafasi ya dada akakuandika wewe. Jina lako, tarehe yako ya kuzaliwa. Dada yake, mama mmoja." Karani aliegemea mbele. "Mmoja kati yenu ni mwongo. Ni yupi?"

Pasi hakuwa anajua. Pipi hakuwahi kumwambia. Kwenye nafasi ya dada katika karatasi ile, Pipi alimwandika yeye, bila hata kufikiri, kama mtu anayeandika jina lake mwenyewe.

"Tumenyonya ziwa moja," alisema.

"Hilo silitafsiri. Ni dada yako, au si dada yako?"

"Nikisema ni dada yangu?"

"Umedanganya kwenye fomu. Hutaomba tena."

"Nikisema siye?"

"Kadanganya yeye. Wataangalia upya vibali vyake."

Ofisa alisubiri, mikono juu ya vitufe. Pasi alimwona Pipi akivuliwa koti jeupe. Alimwona akishuka kwenye ndege na begi moja, mama akikimbia kumpokea. Akamwona ndani ya sinki la saruji, sketi ameikusanya magotini, anaomba glavu. Na moyo wake haukuuma, kwa muda wa kutosha yeye mwenyewe kulitambua hilo.

"Ni binamu yangu," alisema.

Karani alitafsiri kwa neno moja. Ofisa akaandika, na aliandika kwa muda mrefu kuliko lile neno.

"Anaandika nini?"

"Ulichosema."

"Kuhusu mimi?"

"Kuhusu yule." Karatasi ilisukumwa chini ya kioo. "Na yako hii. Umekataliwa. Ulimficha mtu wa familia."

"Si nimesema si dada!"

"Si dada. Ni familia. Swali liliuliza familia."

"Kaka yangu, kama ni familia, yeye kadanganya nini?"

"Kaandika dada."

"Na wewe kwenu, mtoto wa mama yako mdogo unamwitaje?"

Ofisa alimuuliza karani jambo, pengine alitaka kujua mwanamke huyu anasema nini. Karani alinyoosha tai yake, akamjibu kwa kifupi, kisha akabonyeza kengele. "Anayefuata!"

Nje jua lilikuwa kali na foleni ilikuwa imezunguka ukuta. Simu ilimtetemekea mkononi. Pipi. *Dada, vipi? Nimekaa roho juu tangu asubuhi. Mama hapokei. Nishangilie au bado?* Pasi alianza kuandika, akafuta. Simu ikaita. Aliishika hivyo hivyo mpaka ikachoka.

Karibu yake, kwenye foleni, walikuwa wamesimama mapacha wawili, watu wazima, sura moja. Mmoja alikuwa na nywele. Mwenzake alikuwa amenyolewa upara asubuhi ile, kwa haraka, na wembe ulikuwa umemkwangua hapa na pale.

"Humo ndani hunijui," alisema mwenye nywele.

"Na sura?"

"Duniani watu wanafanana."

"Na siku ya kuzaliwa?"

"Wamezaliwa wangapi siku ile? Nenda, nenda mstari ule."

Mwenye upara alihamia mstari wa pili, akampa ndugu yake mgongo. Damu ilikuwa inamshuka taratibu nyuma ya sikio kuelekea kwenye kola nyeupe, naye hana habari. Ndugu yake aliiona. Akatoa leso, akapiga hatua, akamtazama mlinzi, akairudisha leso mfukoni.