Anua!

Mshonaji alihamia ugenini akakuta neema asiyoitarajia: jua kali na upepo mkavu, shuka inakauka kabla chai haijapoa. Kufua kukawa raha yake.

Siku moja wingu likatanda ghafla. Majirani walikuwa kazini, nguo zao zikipepea uani. Kule alikotoka, mvua ikija mtu haulizi nguo ni za nani, anaanua. Akaanua nguo za kamba nzima, akazikunja, akazirundika kitandani kwake.

Jioni jirani wa ghorofa ya chini akagonga mlango, mikono kiunoni. "Shuka zangu zimeota miguu?"

"Zimekimbia mvua, dada. Hizi hapa."

"Hapa anayegusa nguo za mtu ni mwizi. Mwenye nyumba akisikia, kesho unahama!"

Ulimi wa mshonaji haukulala. "Mwizi gani anakukunjia hadi soksi? Mwenye nyumba ndiye anayetaka tusijuane, maana tukijuana tutamuuliza kwa sauti moja paa litavuja mpaka lini!"

Jirani akacheka hadi akashika mlango. "Kwenu kazi hii mnaiitaje?"

"Kuanua."

Wiki iliyofuata, akiwa kwenye cherehani, akasikia wapangaji wakipiga kelele uani: "Anua! Anua!" Akatoka mbio, akakuta shuka zake ziko begani kwa jirani.

"Leo mwizi mimi," jirani akasema.