Nguo ya Kumtoa Mwali

Chwaa.

Sauti ilikuwa ndogo, kama panya anayeburuta jani kavu la mgomba, lakini Swaumu alifumbua macho gizani akajua si panya. Ilikuwa nguo. Upande wa pili wa kiambaza, mtu alikuwa amebana pumzi.

"Hajira."

Miguu ikasogea sakafuni.

"Hajira, mwanangu. Imechanika wapi?"

"Pajani," binti akajibu.

Tangu mahindi yalipopandwa Hajira alikuwa ndani, anafundwa na shangazi yake. Sasa mabua yamekauka na leo, jua likichomoza, anatolewa. Atacheza mbele ya watu wa Misima. Atashuka magoti yakiwa pamoja mpaka pindo liguse vumbi, ainuke bila kushika chini, mara tatu. Mara ya tatu akiwa chini ngoma itanyamaza, ili kila jicho lione kama nguo imekaa. Ikifunguka au kuchanika, mwali anarudishwa ndani kungoja mahindi mengine. Mwaka juzi alirudishwa mmoja. Alitoka, akaolewa, akazaa, na mpaka leo wenzake kisimani wanamwita Nusu.

Swaumu akachochea moto, akaingia kwa binti yake na kijinga kinachowaka. Hajira alikuwa amesimama katikati ya chumba na jasho kifuani, mikono imeshika mpasuko kama mtu aliyeshika kidonda. Alitaka tu kujaribu kushuka mara moja, akasema. Mara moja tu.

Nguo ilikuwa merikani mpya, pamba nyeupe. Mhina, baba yake, aliinunua Korogwe, huko alikobeba mataruma ya reli ya Wadachi tangu masika, akatembea nayo siku mbili kichwani, imeviringishwa kwenye majani ya mgomba isishike vumbi. Dukani alifanya kama afanyavyo kila mtu wa Misima: aliishika ncha mbili, akaikung'uta kwa nguvu karibu na sikio. Ikalia pa. Nguo inayolia ndiyo nguo. Jana jioni Swaumu naye aliikung'uta, ikalia, akairidhia, akakataza mtu yeyote kuigusisha maji, maana mwali hutoka na nguo isiyojua maji.

Sasa alichovya kidole mtungini, akaisugua ncha. Ukatoka uji mweupe, mwepesi. Akasugua tena. Alipoinyanyua mbele ya moto aliziona ndimi za moto zikicheza upande wa pili, kama anachungulia kwenye chujio la pombe. Uzito wote ule, pamoja na ule mlio, ulikuwa wanga. Jasho la kushuka mara moja limeuyeyusha; ngoma nzima ingeacha nini?

"Baba ataniuliza," Hajira alisema.

"Vua."

Katika kikapu chake Swaumu alikuwa na kaniki moja. Miaka minne aliifua mtoni, ikapoteza ukali wa rangi na ukaidi wote, ikawa laini kama sikio la mbuzi. Alimfunga nayo binti yake kifuani, akarudi nyuma hatua mbili, akamwambia ashuke. Hajira akashuka. Kaniki ikashuka naye, ikapanda naye, wala haikutoa sauti.

"Ni kuukuu, mama. Watasema baba hana kitu."

"Waseme. Lakini waseme wewe ukiwa nje."

Kisha akaiokota merikani, akautafuta ukingo, akaung'ata, akavuta. Safari hii sauti ilikuwa ndefu, kutoka ukuta mmoja mpaka mwingine. Nje mtu akakohoa. Mhina alikuwa macho. Alikuja mpaka mlangoni akasimama hapo, kwa kuwa baba haingii chumba cha mwali.

"Mnachana nini?"

Swaumu alifikiri kudanganya. Mkono wake ulikuwa bado umeshika kipande.

"Nguo uliyoleta."

Akamweleza habari ya wanga, taratibu, bila kulilaumu sikio la mtu. Kwa mbali, mpiga ngoma alikuwa ameanza kuipasha moto ngozi ya ngoma yake, akiijaribu kwa kidole: du, du. Mhina akasema kwamba aliisikiliza mara mbili. Akarudia tena, mara mbili, kama anamwambia mtu mwingine.

"Hicho kipande ni cha nini?"

"Kibwebwe. Nikikikunja kitashika."

"Kizungushe mara tatu," akasema. "Kule relini mzigo tunauzungusha mara tatu." Na nyayo zake zikaondoka.

Kulipopambazuka akaja shangazi mtu, Mwanaidi, dada yake Mhina, mwenye neno la mwisho juu ya mwali. Hajira akamwamkia shikamoo huku ameinamisha uso. Mwanaidi hakuitikia. Alifinya pindo la kaniki kwa vidole viwili.

"Hii imeoga kuliko mimi. Wifi, nguo mpya iko wapi?"

"Kiunoni, wifi."

Mwanaidi akakitazama kile kibwebwe cheupe. Akavipenyeza vidole chini yake, akavuta, havikupita. Nje ngoma ilishaanza kuita. Alitazama mlango, akamtazama mtoto wa kaka yake aliyemfunda miezi yote ile, kisha akaomba mafuta ya mbarika. Akaipaka kaniki yote kwa kiganja mpaka ikang'aa nyeusi.

"Atakayeuliza, ni mpya," alisema. "Na asiulize mtu."

Uwanja ulikuwa umejaa. Swaumu alisimama mbele, amempakata mikononi kitindamimba wake, Mwantumu, kwa sababu leo hakuwa na cha kumfungia mgongoni. Mhina alisimama na wanaume ng'ambo ya pili, mikono nyuma.

Hajira alishuka mara ya kwanza, akainuka. Mara ya pili, na jasho likapita kwenye kibwebwe, wanga ukaanza kuchuruzika juu ya kaniki, vijistari vyeupe kama maziwa. Swaumu aliviona. Mwanamke mmoja pembeni naye akaviona, akamgusa mwenzake kwa kiwiko. Lakini kadiri kile kitambaa kilivyolowa ndivyo fundo lilivyozidi kuuma.

Mara ya tatu. Pindo likagusa vumbi, na ngoma ikanyamaza.

Hakuna aliyekohoa. Midomo ya Mhina ilikuwa ikienda kimya kimya: moja, mbili, tatu. Kaniki ilitulia juu ya magoti ya binti yake. Mwanaidi akavuta pumzi, akainua kiganja mdomoni tayari kwa vigelegele, na katika kimya kile Mwantumu akanyoosha kidole.

"Dada amevaa mbeleko yangu."