Uzito wa Trela la Orrin Tveit

Simu ililia saa nane mchana, Jumanne ya katikati ya Julai, nikiwa nimelala chini ya gari la mtu nafungua beringi. Askari wa barabara kuu alisema kuna trela linafuka moshi kwenye mteremko wa Mlima Sorrel, maili ya saba.

"Wenyewe ni wazee wawili, Twyla," akaniambia. "Njoo na lile dude lako kubwa."

Dude langu ni gari la kuvuta malori, lenye mkono wa chuma unaoweza kuinua lori la ng'ombe na ng'ombe wake wakiwa ndani. Nilirithi kwa baba. Kwa miaka ishirini na sita nimekuwa nikiwatoa watu mitaroni upande huu wa Wyoming, na ikifika majira ya joto wateja wangu wengi ni wastaafu waliouza nyumba wakanunua trela lenye vyumba, jiko na bafu, pamoja na pikapu kubwa ya kulivuta. Nawapenda hawa watu. Tatizo lao ni kwamba aliyewauzia huwapa funguo na kalenda, basi.

Nilimkuta mwanamke mwembamba wa mvi amesimama kando ya barabara, mtungi wa kuzimia moto mkononi. Alikuwa amekwisha kutia mawe chini ya matairi yote. Moshi ulitoka kwenye magurudumu ya kushoto, na harufu ya breki zilizoungua ilinikaba koo hata kabla sijashuka. Mumewe, mtu wa mabega mapana, alikuwa amepanda nyuma ya pikapu anahangaika na komeo la ile pini inayoshika trela.

"Mzee! Usiguse hapo!" nikapiga kelele.

"Nataka kuliokoa gari, lisije likashika moto."

"Ukilifungua hapa mteremkoni, hayo mawe ya mama hayatalizuia. Litaserereka hadi mtoni na wewe uko katikati. Shuka, tafadhali."

"Nilimwambia," mwanamke akasema. "Kwa maneno hayo hayo. Lakini mimi ni mpiga kinanda tu, najua nini?"

Akashuka. Ndoo ya maji aliyoiandaa nikaisogeza mbali, kwa maana chuma kilichoiva ukikimwagia maji baridi kinapasuka. Tulikaa saa nzima kwenye majani tukingoja magurudumu yapoe, na humo ndimo tulimofahamiana. Walikuwa Orrin na Maxine Tveit, kutoka Dakota ya Kaskazini. Orrin alikuwa mhunzi, amefua vyuma na kutengeneza mashine za wakulima miaka arobaini na minne. Mkewe alipiga kinanda cha kanisa la Kilutheri miaka thelathini na mmoja. Walikuwa katika wiki ya tatu tu barabarani.

Nilipokuwa nawavuta kushuka mlima, mwendo wa mtu anayetembea, nikamuuliza mzee alikuwa anashuka na gia gani.

"Ile ile ya kawaida. Breki nilizikanyaga polepole tu."

"Muda wote?"

"Muda wote."

"Ndipo ulipozichoma hapo. Mlima unashukwa kwa gia, haushukwi kwa mguu. Ukiwa bado juu kileleni, punguza gia, washa breki ya injini, iache injini ikushikilie. Breki zenyewe unakanyaga kwa nguvu mara moja, mwendo ukipungua unaziachia zivute pumzi."

Mtu aliyefanya kazi na moto maisha yake yote haoni raha kuambiwa na mwanamke kwamba ameunguza kitu.

Uani kwangu nikaingia chini ya trela na tochi. Springi za kushoto zilikuwa zimelala kama ulimi wa mbwa aliyechoka. Nikasoma namba zilizopigwa chapa ubavuni mwa tairi, wiki na mwaka wa kutengenezwa.

"Haya matairi yana miaka tisa, mzee."

"Meno yake bado mazima."

"Tairi la trela halifi kwa kuisha meno. Linakufa kwa jua na kukaa bure."

"Kama watu," Maxine akasema.

Nikauliza kama wamewahi kulipima trela likiwa limejaa. Maxine akacheka kicheko kisicho na furaha. "Kupima? Huyu bwana alikuja na mizani ya jikoni! Viatu vyangu alivipima. Nilikuwa na chupa sitini za maharage na matango, nimezifunga mwenyewe, akaniachia kumi. Piano ya marehemu mama yangu ilikwenda kwa mtu wa Minot ambaye hata kucheza hajui. Kila ratili imehesabiwa humu ndani, dada. Kila ratili."

Orrin alikuwa anaangalia buti zake.

Kesho yake asubuhi nikalifikisha trela kwenye mizani ya ghala la nafaka, nikalipima upande kwa upande na ekseli kwa ekseli. Chuma chake kilikuwa kimejengwa kubeba ratili elfu kumi na sita. Mizani ikaonyesha elfu kumi na saba na mia tisa, na ziada karibu yote ilikuwa kushoto mbele, pale penye kitanda chao. Maxine alikuwa dirishani kwa mpimaji, anatafuta miwani yake. Orrin akanishika kiwiko.

"Binti, hiyo karatasi usimpe."

"Kuna nini chini ya kitanda, mzee?"

"Fuawe yangu, ile ya kufulia chuma. Tanuri, jiliwa mbili za kubania vyuma, mashine ya kuchomelea. Nyundo. Nilivipakia siku alipokwenda kumuaga dada yake. Nilikuwa nimwambie baadaye, halafu baadaye ikawa mbali."

Nilimhurumia, sisemi uongo. Lakini miaka miwili nyuma nilisimama kituo cha mafuta, nikaona trela la watu limeinama upande mmoja, matairi yametuna, nikajiambia si shughuli yangu, watu hawapendi kusemwa. Siku ile ile jioni niliwavuta kutoka bondeni. Mume peke yake ndiye aliyepona. Nilimweleza Orrin yote hayo, pale pale kwenye vumbi la ngano, kisha nikamwambia, "Naenda kunywa kahawa. Nikirudi, nitampa karatasi yake. Afadhali akisikia kwako."

Sikuimaliza ile kahawa. Niliporudi, mlango wa sehemu ya mizigo iliyo chini ya kitanda ulikuwa wazi. Maxine amesimama mbele yake, mikono imelala ubavuni. Ndani, chini ya mablanketi ya jeshi, fuawe ilikuwa inang'aa pale nyundo zilipoisugua kwa miaka.

"Piano ya mama yangu ilikuwa na uzito gani, Orrin?"

"Max..."

"Nimekuuliza."

"Ratili mia nne na themanini."

"Ulijua."

"Nilijua."

Hakupiga kelele. Alichukua mkoba wake akaondoka kwa miguu kando ya reli, mgongo umenyooka. Orrin akataka kumfuata, nikamwambia, mwache kwanza.

Tukarudi uani, tukaanza kupakua. Mimi nilitumia winchi kwa fuawe. Vingine alivibeba mwenyewe, kimoja kimoja, na niliona mkono wake wa kulia haupandi zaidi ya kifua. Alipoona nimeona, akasema, "Miaka miwili sasa. Daktari kasema bega limekwisha. Sijawasha tanuri tangu hapo."

"Sasa ulikuwa unavipeleka wapi?"

"Kokote. Sikutaka kuona watu wa mnada wanavishika, wanaulizana hiki ni cha nini." Akajifuta uso kwa kofia. "Maxine popote anapokwenda, ni Maxine. Akiketi kwenye kinanda chochote, mji wowote, watu wanamjua. Mimi bila hivi vyuma ni mzee mwenye kofia tu."

"Hayo umewahi kumwambia?"

"Hayasemeki."

"Umeniambia mimi, fundi wa magari."

Maxine alirudi saa kumi, amepigwa na jua. Aliangalia vyuma vilivyopangwa sakafuni mwa karakana, akaangalia shati la mumewe lililolowa jasho. Nilitaka kuwaachia nafasi, akaniashiria nikae.

"Nina maneno mawili," akasema. "La kwanza, sijakusamehe, na usiniulize kila asubuhi kama nimekusamehe. La pili, nataka kuendesha."

"Kuendesha nini?"

"Hilo gari! Miaka arobaini na sita nimeketi kulia nakuangalia. Jana nilikaa hivyo hivyo moshi unapanda, sijui hata cha kukanyaga. Ungezimia pale, tungekufa wote wawili, na mimi nimeshika ramani."

Orrin akavua kofia. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Ni sawa."

Springi na breki mpya zilichukua siku nne kufika, matairi nayo yakaja siku moja nazo. Asubuhi zote nne niliwapeleka wote wawili kwenye uwanja wa maonyesho ya ng'ombe, na trela tupu la baba, na mapipa niliyoyapanga. Niliwafundisha kusogea mbele zaidi kabla ya kupinda kona, maana mkia wa trela hukata njia kwa ndani. Niliwafundisha kupima upepo wa tairi alfajiri kabla ya kutembea, na kugusa habu, kile kitovu cha gurudumu, kila wanaposimama: ikiunguza kiganja, kuna jambo. Kurudi nyuma ndiko kulikovunja ndoa nyingi ninazozijua, kwa hiyo nikawapa sheria moja: anayeelekeza asimame pale anapoonekana kiooni, na asipoonekana, dereva asimame.

"Kushoto! Kushoto yangu!" Orrin alikuwa anapunga kofia.

"Kushoto yako ni ya wapi, mbona umenipa mgongo?"

"Simama basi!"

"Nimesimama tangu jana!"

Maxine aliangusha mapipa matatu siku ya kwanza, siku ya tatu hata moja. Alikuwa na mkono mwepesi, na miguu iliyozoea kufanya jambo moja huku mikono ikifanya jingine. Kinanda kilikuwa kimemfunza hilo. Orrin, siku ya nne, aliniambia kando, "Ananishinda." Alisema kama mtu anayetangaza mvua, na nilidhani nimeona kitu kama fahari.

Vyuma vilibaki kwangu. Nilimpa kona ya karakana, nikamwambia kodi yake ni kuja mara moja kwa mwaka kuvipaka mafuta. Kabla ya kuondoka alimwonyesha mwanamke mmoja wa ranchi ya jirani, anayewapigilia farasi viatu vya chuma, namna ya kusawazisha ukingo wa fuawe. Alizungumza saa mbili bila kupumzika, mkono mmoja mfukoni. Maxine alikuwa kizingitini na kikombe cha chai, anasikiliza. Sidhani kama mumewe alijua yupo.

Mizani ya mwisho ilisoma elfu kumi na tano na mia saba. Maxine aliikunja ile karatasi akaitia mkobani mwake mwenyewe, akapanda upande wa kushoto, akavuta kiti mbele mpaka kifua kikakaribia usukani.

Septemba akanipigia kutoka Oregon. Walikuwa wameshuka mlima mrefu asubuhi hiyo, yeye kwenye usukani, lori la magogo nyuma yake linampigia honi njia nzima.

"Ukafanya nini?" nikauliza.

"Nikakaa kwenye gia yangu, nikamwacha apige. Chini nikasimama, nikagusa habu zote nne. Vuguvugu." Nyuma yake nikamsikia Orrin akisema kitu. "Anasema umwambie yule dada wa farasi asipige nyundo juu ya chuma kilichopoa. Orrin, njoo umwambie mwenyewe, mimi ninapika."

Akampa simu.