Sare ya Katavi

Tangu Ramadhani ilipokwisha, Chausiku hakuwa na habari nyingine isipokuwa hifadhi ya Katavi. Ukimpelekea gauni akupunguzie kiuno, ulirudi nalo vilevile, ila ulikuwa umeshajua viboko wanavyobanana matopeni wakati wa kiangazi, na sokwe wa Mahale wanavyobeba watoto mgongoni. Fundi cherehani wa Tandika, Mzaramo wa Kisarawe, mwanamke wa hamsini na ushee, hakuwahi kuvuka Morogoro. Wazungu wanapanda ndege kuja kuwatazama wanyama wake, yeye simba amemwona bandani tu kwenye maonyesho ya Sabasaba, kalala, mgongo kawapa watu! Jambo hilo lilimuuma, na kila aliyekaa kwenye benchi lake alilisikia.

Basi akawakamata wenzake wa klabu ya jogingi mpaka wakakubali. Wangetoka Dar kwa Kosta, walale Tabora, waingie Katavi, kisha wasonge hadi ziwani wakapande milima ya Mahale kwa miguu. Kila Jumamosi walikwenda kujipima kwenye vilima vya Pugu. Mara ya kwanza Chausiku alirudi kashika goti, anamwita mama yake. Mara ya mwisho alifika juu anaimba, tena akakaa kwenye gogo kuwazomea waliochelewa. Kiti cha mbele cha Kosta alishakitangaza kuwa chake, na hakuna aliyethubutu kubisha.

Wasiwasi wake ulikuwa mmoja tu: Anjelina. Huyu alikuwa muuza mitumba kutoka Namtumbo, jirani yake wa siku nyingi na mwenzao wa klabu, na kila walipokutana alikuwa na swali jipya. Nyoka je? Maji je? Gari likizama je? Mwenye Kosta alikuwa amesema wazi kwamba viti vijae au gari halitoki. Anjelina akijitoa, safari imekufa, na Chausiku atabaki na simba wake wa Sabasaba.

Ndiyo maana alikazana na sare. Watu wa Dar hawaendi harusini, msibani wala pikiniki bila sare, seuze Katavi! Alizunguka Kariakoo mpaka akapata kitenge kilichomtoa roho: buluu iliyokoza, na mapande meusi. Alishona usiku na mchana, mashati ya wanaume, magauni na suruali za wanawake, mpaka kofia. Siku ya kujaribisha watu walipiga vigelegele uwanja mzima. Hata Anjelina alijigeuza mbele ya kioo, ingawa hakusema kitu.

Aliyesema ni Cyprian, dereva wa Kosta.

"Mtani, hizi nguo mbung'o watazipenda hizo! Watakuja na ndugu zao. Katavi hatuvaagi buluu sie."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Cyprian ni Mnyamwezi, na Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za mababu. Cyprian akikwambia mvua inanyesha, kwanza toa mkono dirishani.

"Wivu tu huo, mtani," Chausiku alimjibu. "Nyie Tabora mnajua kuvaa? Nyie mnajua asali."

Wakaendelea kupiga picha.

Siku chache kabla ya kuondoka, Anjelina akaja na jipya: hapandi gari mpaka aone kwa macho yake barabara ya huko ndani. Chausiku alisonya, lakini afanyeje? Akampigia Vaileth, msichana wa nyumba ya wageni ya Sitalike, kijiji kilicho langoni mwa hifadhi, ambako wangelala.

"Shikamoo mama. Hilo dogo tu, nakutumia sasa hivi."

Picha ikaingia. Barabara ilikuwa nzuri, imenyooka katikati ya miti, na Chausiku alitaka kuruka kwa furaha. Kisha akaona kitu kando ya barabara. Kwenye mti kilining'inia kipande cha kitambaa, buluu iliyokoza na nyeusi. Alikikuza kwa vidole. Akageuka kuitazama sare yake iliyotundikwa ukutani. Ungedhani vimetoka jora moja.

"Vaileth mwanangu, hicho kitambaa ni cha nini?"

"Mtego wa mbung'o, mama. Wanazifuata sana hizo rangi, na kitambaa kimetiwa dawa. Wakitua wanakufa."

Chausiku alikaa. Aliona haya, mwili mzima ukapata joto. Kikosi kizima kakivika mitego! Akawaza anyamaze. Akisema, Anjelina atapata sababu aliyokuwa akiitafuta, na safari itavunjika. Asiposema, watashuka Kosta wamependeza na watarudi wamevimba kila mahali. Alichukua simu, akaiweka, akaichukua tena. Alitaka kwenda, alitaka mno, lakini hakuweza kujiona kwenye kiti cha mbele akisikia wenzake wanavyojipiga makofi nyuma.

Jioni aliwaita wote barazani kwake. Akaonyesha picha, akaeleza kila kitu bila kuzunguka.

"Mtani alisema kweli, mie nikamcheka. Nimekosa. Anayetaka kujitoa ajitoe, sitamlaumu." Hapo akamtazama Anjelina.

Anjelina alifungua mfuko wake wa mitumba. Akatoa mashati ya kaki, moja baada ya jingine, akayapanga mkekani.

"Nimekulia Namtumbo mie. Mbung'o ndio jirani zetu, na mitego yao hutundikwa njiani kote," alisema. "Toka siku ile ya kioo naokota kaki kwenye kila belo. Haya yafanyie vipimo tu."

"Ulijua? Na hukusema?"

"Ningesemaje? Mtani hukumwamini, mie ndo ungeniamini? Ungesema Anjelina kaanza uoga wake. We unadhani ile picha ya barabara niliitakia nini?"

Machozi yalimlenga Chausiku, kisha kicheko kikayawahi, na baraza zima likalipuka naye.

Cyprian alikuwa ameshasimama kudai faini ya utani. Sare ya Chausiku, alisema, itafungwa nyuma ya Kosta, mbung'o wote wa Katavi waifuate hiyo, watu wapumzike. Chausiku aliingia ndani, akaitungua mwenyewe, akamkabidhi kwa mikono miwili.

Kisha akachomoa uzi wa buluu kwenye cherehani, akatunga wa kaki.

"Njoo nikupime, Anjelina," alisema. "Tuanze na wewe. Kiti cha mbele unakaa wewe."