Risiti ya Faini

Katika laini, nyumba za safu za wafanyakazi wa chai, polisi wakikamata chang'aa, pombe haramu, majirani walikuwa na sheria yao: mama anayenyonyesha haendi korti. Mwanamume mmoja husimama mbele ya hakimu akasema "ni kweli", majirani wakachanga faini, na jioni kila mtu yuko kwake. Nyapara Kiptanui alikuwa amesema "ni kweli" mara mbili kwa ajili ya wake za watu, na bado alikuwa nyapara.

Mwaka 1992 ilikuwa zamu ya Owora. Chang'aa ilikuwa ya mkewe, Wilkista, aliyekuwa na mapacha kifuani. Hakuna aliyekumbuka kwamba Owora ni Mganda, anayeishi nchini kwa kibali.

Miaka mitatu baadaye kibali kilifutwa. Barua ilisema mgeni aliyetiwa hatiani haruhusiwi kukaa, ila anaweza kuomba uamuzi uangaliwe upya. Ndiyo maana Jumanne moja Wilkista aliketi kando ya mumewe katika ofisi ya uhamiaji mjini Kericho, Biblia mapajani. Kiptanui alikuja kumtolea Owora ushahidi.

"Miaka kumi na moja ananyausha majani ya chai kiwandani," Kiptanui alisema. "Hata mimi sijapata cha kumfokea, na mdomo yangu inajulikana mpaka Litein."

Afisa Kebaso alitabasamu, akafungua faili. "Mzee, polisi wanasema alihukumiwa. Nimeandikia korti mara mbili, faili yao haionekani. Sasa bila karatasi ya korti…"

Wilkista hakumngoja amalize. Karatasi alikuwa nayo. Aliitunza kwa ajili ya siku kama hii.

"Iko hapa, bwana mkubwa!" Akaitoa kwenye Biblia. "Kesi iliisha. Tulilipa yote."

Ilikuwa risiti ya faini: jina la Owora, kosa, namba ya kesi, muhuri. Kebaso aliisoma mara mbili.

"Mama," alisema polepole, "hii ndiyo sikuwa nayo."

Wilkista alimtazama Kiptanui. Kiptanui alitazama sakafu. Hapo Wilkista akaelewa kwamba ushahidi uliokosekana ameuleta yeye.

"Pombe ilikuwa yangu! Niandike mimi."

"Hapa hatuulizi pombe ilikuwa ya nani. Tunauliza nani alihukumiwa. Hayo ungemwambia hakimu, na siku za rufaa zilipita zamani."

"Basi nirudishie."

"Nimeshaiona, mama." Akamgeukia Owora. "Ni wewe ulikiri?"

Owora alimtazama mkewe. Kama angekana, wangeanza kumuuliza Wilkista.

"Ni kweli," alisema, kama alivyosema siku ile.

Kebaso alinakili namba ya kesi, akaandika siku kumi na nne za kuondoka. Kisha akaikunja risiti katika mikunjo yake ya zamani, akamrudishia Wilkista kwa mikono miwili. Naye, kwa kukosa pa kuiweka, akairudisha ndani ya Biblia.