Milioni Moja na Moja

Itangazwe kwa wote wenye masikio: Jumamosi, kabla ya kengele ya mchana, siri ya namba kubwa kuliko zote ilifichuliwa na bingwa wa hesabu wa bweni la tatu. Kusema kweli namba yenyewe haikuwa kubwa kuliko zote, na bingwa, ambaye wenzake walimwita Kiroboto, alikuwa darasani kwa adhabu.

Mwalimu wa hesabu hakuwa mtu wa fimbo. Ukichelewa gwaride la asubuhi, alikuandikia namba ubaoni, nawe hutoki mpaka uipasue: utafute namba, mbali na moja na yenyewe, inayoigawa bila kubakiza kitu, au uoneshe kwamba haipo. Kiroboto alipewa 1,000,001. Siku nyingine angeisinzilia. Lakini leo dada yake alikuwa anakuja na mtoto wake mchanga, mpwa ambaye Kiroboto hajawahi kumwona, na kengele ya mchana ikilia wageni wote hutoka.

Akajibana kushoto mwa ubao, akaandika kwa tarakimu za kisisimizi. Tatu ikabakiza mbili. Saba, mbili. Kumi na moja, mbili. Kumi na tatu, mbili tena, kana kwamba namba inamtania. Akaenda hivyo na namba tasa moja baada ya nyingine, na alipomaliza tisini na saba akachungulia dirishani. Dada huyo getini, kifurushi cheupe kifuani.

Akaweka chaki chini, akakung'uta mikono kama daktari aliyetoka kupasua mtu, akamgeukia mwalimu mezani kwake.

"Mwalimu, namba hii ni tasa."

"Umejaribu hadi wapi?"

"Hadi elfu moja. Kupita hapo hakuna haja. Elfu mara elfu ni milioni, kwa hiyo kigawanyo kikubwa lazima kiwe na mwenzake mdogo, na huyo ningeshamkamata."

"Maelezo safi kabisa. Hebu gawa kwa mia na moja."

Kiroboto akarudi ubaoni. Mia na moja ndiyo namba tasa inayofuata tisini na saba. Akagawa. Ikaja 9,901, bila kubaki hata chembe.

"Niliishia tisini na saba, mwalimu."

"Najua. Kila mwaka kuna anayeishia hapo."

Dada alikuwa ameshafika mlangoni. Akamgeuza mtoto. "Mwone mjomba wako. Usimwige."

Mtoto akapiga mwayo, akakishika kidole cha Kiroboto, akang'ang'ania. Kiroboto akasahau hesabu zote za dunia.

"Nenda nao," mwalimu akasema, akiokota chaki. "Ila mbona umejibana kushoto namna hii, na kulia kote kutupu?"

Akajaribu kuandika huko. Chaki ikateleza bila kuacha alama. Akapapasa ubao, akanusa vidole, akageuka polepole.

"Ni sabuni, mwalimu," Kiroboto akasema, kidole kikiwa bado ndani ya ngumi ya mpwa wake. "Niliipaka alfajiri, ikungoje Jumatatu. Ndiyo iliyonichelewesha gwaride."